Kubadilisha meno yote kwa vipandikizi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Uganda

Haya ndiyo maswali yanayorudi tena na tena kutoka kwa watu ambao meno yao yamefika mwisho, au kutoka kwa watoto wao wanaotafuta namna ya kulipia, tangu Kampala na Bombo hadi Arua na Kasese. Majibu yanaanzia mambo ya msingi na kuishia kwenye hali za nadra. Anayetaka habari za bei ataikuta sehemu yake mbele, lakini asome kwanza zinazoitangulia, maana bei ya kitu usichokijua haikusaidii.

Kuna hoja moja utakayoikuta karibu kila mahali. Kuweka skrubu zinazoshika meno mapya kwenye taya ni kazi ya siku moja, kuzitunza ni kazi ya miaka. Kwa hiyo nani atakuhudumia baadaye ni swali zito kuliko idadi ya skrubu.

## Mambo ya msingi

Kipandikizi cha jino ni kitu gani hasa?

Kipandikizi, au implanti kama wengi wanavyoiita, ni skrubu fupi ya titani inayozamishwa ndani ya mfupa wa taya ili ishike nafasi ya mzizi wa jino. Kwa kawaida ina unene wa milimita 3.5 hadi 5 na urefu wa milimita 8 hadi 15. Juu yake hufungwa kiungio, na juu ya kiungio hukaa jino moja au daraja, yaani safu ya meno mengi yaliyoungana.

Titani inatumika kwa sababu mfupa hauikatai. Hukua hadi kuigusa na kuishika. Mtafiti wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, aliligundua hilo katika miaka ya 1950 alipoona titani aliyoiweka kwenye mifupa ya sungura imeng'ang'ania na haitoki. Mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, aliwekewa vipandikizi mjini Gothenburg mwaka 1965, na vilimtumikia hadi alipofariki mwaka 2006. Hii si teknolojia ya jana.

Kinywa kizima kinahitaji skrubu moja kwa kila jino?

Hapana. Daraja moja la meno 10 hadi 14 hubebwa na vipandikizi 4 hadi 6 kwa kila taya. Mpango wa vipandikizi 4 ulianzishwa na daktari Mreno Paulo Maló huko Lisbon mwaka 1998: viwili vya mbele husimama wima, viwili vya nyuma hulazwa kwa mshazari hadi nyuzi 45. Kwa kulazwa hivyo hukwepa neva inayopita ndani ya taya la chini, na uwazi wa sinasi ulio juu ya taya la juu. Mara nyingi mgonjwa huepuka pia kuongezewa mfupa.

Daktari akikupendekezea 6 badala ya 4, si lazima awe anatafuta pesa. Mfupa wa taya la juu ni laini zaidi, na skrubu ya ziada ni akiba endapo moja itashindwa.

Ni lazima yawe meno ya kufungwa moja kwa moja?

Si lazima, na hapa ndipo watu wengi hawapewi picha kamili. Kuna njia mbili.

Ya kwanza ni daraja la kudumu, linalofungwa kwa skrubu na kutolewa na daktari peke yake. Ya pili ni meno ya bandia yanayobana juu ya vipandikizi vichache: unayavua mwenyewe usiku, unayasafisha, asubuhi unayabana tena. Kwa taya la chini vipandikizi 2 vinatosha. Wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, mwaka 2002 walikubaliana kwamba vipandikizi 2 na meno ya kubana ndivyo viwe chaguo la kwanza kwa mtu asiye na jino hata moja katika taya la chini. Taya la juu, kwa njia hii, kwa kawaida huhitaji 4.

Maoni yangu: kwa mstaafu wa Mbale au Gulu mwenye fedha za kiasi, taya la juu la bandia la kawaida pamoja na la chini linalobana kwenye vipandikizi 2 ni mpango wa busara kuliko kuuza kiwanja ili kufunga madaraja mawili ya kudumu. Matangazo hayausemi sana kwa sababu hauna mvuto kwenye picha.

Kwani meno ya bandia ya kawaida yana ubaya gani?

Ya juu mara nyingi hayana ubaya mkubwa. Hung'ang'ania kaakaa kwa kufyonza na kukaa vizuri, ila hulifunika na kupunguza ladha. Taabu iko chini. Hakuna kaakaa la kuyashika, ulimi unayasukuma, na mfupa unaendelea kulika mwaka baada ya mwaka kwa sababu hauna tena mizizi ya kuubana. Ndiyo maana jaja aliyetengenezewa meno yaliyomkaa vizuri miaka kumi iliyopita leo anayaweka mfukoni anapokula.

## Je, meno yangu lazima yatoke?

Meno yanatikisika na fizi zinatoka damu. Niyang'oe yote?

Usikubali jibu la "yote" katika ziara ya kwanza. Ugonjwa wa fizi una hatua. Jino linalotikisika kidogo laweza kutulia likisafishwa hadi chini ya ufizi, ukoga mgumu ukaondolewa na mgonjwa akajifunza kupiga mswaki ipasavyo. Omba daktari akupime kina cha mifuko ya fizi kwa kila jino, aandike vipimo, kisha akuonyeshe kwenye picha ya eksirei mfupa umebaki kiasi gani. Baada ya kusafishwa hupimwa tena baada ya wiki kadhaa. Yatakayokuwa bado yameshindwa ndiyo yanayojadiliwa.

Kuna sababu ya pili ya kutoruka hatua hii. Bakteria waliokula mfupa wa meno yako wanaweza kula mfupa wa vipandikizi. Mtu aliyepoteza meno kwa fizi yuko katika hatari zaidi ya kupoteza vipandikizi kwa ugonjwa wa aina hiyohiyo, hasa akiingia kwenye upasuaji kinywa kikiwa hakijatulizwa. Kama daktari anataka kukupasua wiki hii bila kusafisha chochote, tafuta maoni ya mwingine.

Meno yangu ni ya kahawia na yana vijishimo tangu utotoni. Yameoza?

Huenda hayajaoza hata kidogo. Sehemu za Kasese na Kisoro zina maji yenye floridi nyingi kutokana na miamba ya volkano, na mtoto anayeyanywa meno yake yakiwa bado yanaumbika huota yenye madoa. Wengi wana meno imara yenye sura mbaya tu. Madoa hupaushwa, husuguliwa au hufunikwa. Kung'oa meno kama hayo ili kuweka vipandikizi ni hasara isiyorudi.

Niling'oa zamani sana. Mfupa utakuwa umekwisha?

Umepungua, lakini kiasi gani hakijulikani kwa kutazama kwa macho. Inahitajika picha ya CT ya taya yenye pande tatu, inayoonyesha urefu, unene na mahali neva inapopita. Picha bapa ya taya zima ni ya kuanzia tu. Kama mfupa umebaki mdogo sana, soma swali la mfupa wa shavu katika sehemu ya mwisho.

## Nani anafaa, nani asubiri

Nina kisukari na presha. Nimekataliwa?

Presha iliyodhibitiwa si kizuizi. Meza dawa zako siku ya upasuaji kama kawaida, isipokuwa daktari aseme vinginevyo. Kisukari kinategemea udhibiti. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa takriban miezi 3, kikiwa karibu na asilimia 7 au chini, madaktari wengi huendelea. Kikizidi 8 ni busara kuahirisha hadi kishuke, kwa sababu kidonda hupona polepole na maambukizi hupata nafasi. Kipimo cha kidole cha asubuhi ile pekee hakitoshi.

Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda wasiziache kwa uamuzi wao wenyewe. Daktari wa meno azungumze na aliyeziandika.

Natumia ARV. Nimwambie daktari?

Ndiyo, na usiogope. Mtu ambaye virusi vyake vimefifishwa na kinga yake iko vizuri anaweza kuwekewa vipandikizi kama mtu mwingine. Sababu ya kusema ni ya kitabibu: baadhi ya dawa, kama tenofovia, hupunguza kiasi ugumu wa mifupa, na daktari anahitaji kulijua hilo anapopanga muda wa kusubiri. Chukua matokeo yako ya mwisho ya wingi wa virusi. Kliniki itakayobadilika uso ukitaja ARV, toka. Tahadhari za maambukizi zinatakiwa ziwe zilezile kwa kila mgonjwa.

Navuta sigara. Na shisha je?

Moshi hubana mishipa midogo ya damu ya fizi, na vipandikizi vya wavutaji hushindwa karibu mara mbili ya vya wasiovuta. Wengi hushauri kuacha angalau wiki moja kabla ya upasuaji na wiki 8 baadaye. Kuacha kabisa ni bora. Shisha si nafuu. Sheria ya kudhibiti tumbaku ya Uganda ya mwaka 2015 iliipiga marufuku, ingawa bado inavutwa, na kinywa hakitofautishi moshi wa chupa na wa sigara. Mairungi (miraa) hukausha kinywa na kukufanya utafune saa nyingi mfululizo, jambo lisilofaa kabisa katika miezi ya kwanza.

Kuna wasiofaa kabisa?

Aliyechomwa mionzi ya saratani kwenye taya, au anayechomwa sindano za kuzuia saratani kula mifupa kama asidi ya zoledroniki au denosumabu, yuko katika hatari ya mfupa kufa baada ya upasuaji. Huyo aanze kwa daktari wake wa saratani. Anayemeza vidonge vya mifupa kama alendroneti kwa miaka mingi aseme pia. Hatari yake ni ndogo zaidi, ila ipo.

Mjamzito asubiri ajifungue. Kijana ambaye taya lake bado linakua asubiri pia. Mwenye selimundu si lazima akataliwe, ila apangiwe pamoja na daktari wake wa damu, aende akiwa amekunywa maji ya kutosha na hana maambukizi.

Mama yangu ana miaka 82. Si amepitwa?

Umri peke yake haumzuii mtu. Afya na mikono yake ndivyo vinavyoangaliwa. Jiulize kama anaweza kushika mswaki na kupitisha uzi chini ya daraja kila usiku. Kama mikono inatetemeka au kumbukumbu imeanza kupotea, meno ya kubana yanayovuliwa yanamfaa kuliko daraja la kudumu, kwa sababu binti au mjukuu anaweza kuyavua na kuyasafisha. Daraja la kudumu kwenye kinywa cha mtu asiyejiweza ni mzigo kwa anayemtunza.

## Upasuaji na miezi inayofuata

Inauma kiasi gani?

Upasuaji wenyewe hauumi. Hufanywa kwa ganzi ya sindano, ileile ya kung'olea jino, kwa saa 2 hadi 4 kwa taya moja. Mwenye hofu anaweza kuongezewa dawa ya kutuliza kupitia mshipa, mradi kuna mtu aliyefunzwa anayefuatilia mapigo ya moyo na oksijeni muda wote. Nusu kaputi huhitajika kwa nadra.

Uvimbe hufikia kilele siku ya 2 au ya 3, kisha hushuka. Wengi hutosheka na parasetamo na ibuprofeni. Mwenye vidonda vya tumbo, figo dhaifu au pumu aulize kabla ya kumeza ibuprofeni. Lisilo la kawaida ni maumivu yanayoongezeka baada ya siku ya 4, usaha, homa, au mdomo wa chini na kidevu kubaki na ganzi siku inayofuata. Hilo la ganzi usilisubirie miadi, piga simu mara moja, kwa sababu skrubu inayobana neva yatakiwa kurudishwa nyuma mapema.

Ni kweli nitaingia asubuhi bila meno na kutoka jioni nayo?

Inawezekana, lakini yale si meno yako ya mwisho. Skrubu zikishika kwa mkazo wa kutosha siku ya upasuaji, hufungwa daraja la muda la akriliki (plastiki ngumu) siku hiyo au baada ya siku chache. Zisiposhika vya kutosha, unavaa meno ya kuvua huku mfupa ukipona. Daraja la mwisho huja baada ya miezi 3 hadi 6, taya la juu likichukua muda mrefu zaidi.

Wiki ya 3 na ya 4 ndizo za hatari. Mkazo wa mwanzo wa skrubu umeshuka na mfupa mpya haujakomaa, wakati mgonjwa anajihisi mzima na rafiki zake wanamwalika kwenye muchomo. Kipandikizi kinaweza kupotea mapema bila maumivu yoyote, kwa sababu mtu alitafuna kabla ya wakati.

Nile nini katika kipindi hicho?

Uganda ina bahati hapa. Siku za kwanza: supu, uji wa bushera uliopoa, maziwa, parachichi, mayai laini. Kisha, hadi mwezi wa 2 au wa 3, kila kinachopondeka kwa uma: matooke na mchuzi wa binyebwa, posho laini, viazi, samaki asiye na miiba, katogo iliyoiva sana. Rolex yenye chapati ya kuvuta isubiri. Muchomo, mahindi ya kuchoma, karanga nzima na muwa wa kung'ata visubiri daraja la mwisho, na hata hapo muwa ukatwe vipande kwa kisu. Kuumenya kwa meno ya mbele huvunja madaraja ya bei yoyote.

Ninaishi Arua. Nitasafiri mara ngapi?

Kadiria safari 6 hadi 8 kwa mwaka wa kwanza: uchunguzi na picha, usafishaji, upasuaji, kutoa nyuzi baada ya siku 7 hadi 14, ukaguzi wa wiki ya 6 hadi ya 8, kisha ziara kadhaa za vipimo na majaribio ya daraja la mwisho. Barabara ya Arua hadi Kampala ni karibu kilomita 500, kwa hiyo omba ziara zikusanywe, na upange kulala Kampala kwa ndugu wiki yote ya upasuaji. Baada ya hapo ni ukaguzi kila miezi 6, maisha yako yote. Kama nauli hiyo huiwezi, iingize kwenye hesabu kabla ya kuanza.

Nitasema vizuri?

Wiki chache utapiga miluzi kwenye "s" na "z", na "th" na "dh" zitakusumbua kwa kuwa ulimi unatafuta mahali pa kugusa. Soma gazeti kwa sauti kila siku. Ikiwa baada ya miezi 2 bado "thelathini" na "dhahabu" hazitoki, umbo la daraja la muda lirekebishwe kabla ya la mwisho kutengenezwa.

Ramadhani imekaribia. Niende sasa au nisubiri?

Ukiweza, subiri Idi ipite, ili udhibiti dawa, maji na chakula laini. Kama haiwezekani, mgonjwa ana ruhusa ya kufungua na kulipa baadaye. Kuhusu udhu, saa 24 za kwanza usisukutue kwa nguvu. Ingiza maji taratibu na uyaache yaanguke yenyewe, damu iliyoganda isitoke.

## Fedha, na kuchagua daktari

Bei ni kiasi gani?

Uliza kwa namna itakayokuwezesha kulinganisha. Kliniki moja hutaja bei ya skrubu moja bila jino, nyingine bei ya taya zima hadi daraja la muda, nyingine hadi daraja la mwisho. Namba ndogo huwa ni ya kipande tu. Omba karatasi yenye saini inayoonyesha: picha ya CT, kung'oa, kuongeza mfupa ukihitajika, idadi na chapa ya vipandikizi, daraja la muda, daraja la mwisho na limetengenezwa kwa nini, ziara za mwaka wa kwanza, na nani analipa skrubu ikishindwa kabla ya mwaka kuisha. Kama bei ni kwa dola, waandike itabadilishwa kwa kiwango cha siku gani.

Lipa kwa awamu zinazofuata kazi iliyokwisha fanyika. Anayedai yote kabla ya picha ya CT hana haraka ya kukuona tena. Ukituma kwa simu, tuma kwa namba ya biashara ya kliniki na udai risiti. Namba binafsi ya mhudumu siyo.

Bima italipa?

Mara nyingi bima za kazini hulipia kung'oa, kujaza na kusafisha hadi kikomo fulani, na vipandikizi huviweka upande wa urembo. Omba jibu kwa maandishi. Kung'oa na picha huenda zikalipwa hata kama skrubu hazilipwi.

Nitajuaje kwamba daktari anaruhusiwa?

Daktari wa meno Uganda husajiliwa na baraza la madaktari na madaktari wa meno, linalojulikana kama UMDPC, na leseni yake hufanywa upya kila mwaka. Kliniki nayo ina leseni yake. Kagua zote mbili. Maafisa wa meno wenye diploma husajiliwa na baraza jingine, la wataalamu wa afya shirikishi. Wanafanya kazi muhimu sana wilayani, lakini upasuaji huu si wao, sembuse fundi anayetengeneza meno kwenye kibanda cha sokoni.

Leseni ni mwanzo tu, kwa kuwa vipandikizi hujifunzwa zaidi baada ya shahada. Muulize amefanya vinywa vizima vingapi, nani anatengeneza daraja na wapi. Muhimu kuliko yote, omba kuona wagonjwa waliotimiza miaka 5. Picha ya siku ya kwanza kila mtu anayo.

Je, niende India au Uturuki?

Kuna madaktari wazuri huko, na wapo waliorudi wakicheka. Lakini kumbuka safari ni mbili au zaidi, si moja, kwa sababu ya ile miezi 3 hadi 6. Dhamana yao inafanya kazi kwenye kiti chao. Skrubu ikilegea ukiwa Masaka, daktari wa hapa anahitaji bisibisi ya chapa hiyohiyo, na kama ni chapa asiyoijua atakuwa anakisia.

Tahadhari nyingine: mengi yanayoitwa meno ya Uturuki si vipandikizi. Ni meno ya asili, mara nyingine mazima, yaliyochongwa yakabaki vijiti na kuvishwa kofia nyeupe. Uliza kwa uwazi unachofanyiwa.

Nitajuaje kwamba skrubu si feki?

Kila kipandikizi halisi huja kwenye kisanduku kilichofungwa kikiwa safi, chenye stika za kubandua zilizoandikwa chapa, ukubwa na namba ya toleo. Stika moja hubandikwa kwenye faili, moja ni yako. Dai kadi yenye stika zote kabla ya kulipa awamu ya mwisho, ipige picha, umtumie na mwanao.

## Kuishi nayo

Vitadumu miaka mingapi?

Tenganisha skrubu na meno. Zaidi ya vipandikizi 9 kati ya 10 huwa bado vipo baada ya miaka 10. Daraja ni jambo jingine: meno ya akriliki husagika na hutarajiwa kubadilishwa baada ya miaka kadhaa, ila yanarekebishika hapahapa; zirkonia, yaani kauri ngumu, hudumu zaidi na hupendeza, lakini ikipasuka kwa kawaida hutengenezwa upya nzima. Kwa meno ya kubana, vile vipira vidogo vya nailoni vinavyoshika huchakaa na hubadilishwa takriban kila mwaka, kazi ya dakika chache.

Mtu anayesaga meno usingizini atengenezewe kinga ya usiku, la sivyo atalipa tena mapema.

Nayasafishaje?

Mswaki laini mara mbili kwa siku, na uzi mnene au kibrashi cha katikati kikipita chini ya daraja, kila usiku bila kukosa. Mashine ya kupuliza maji ni msaada mzuri. Umeme ukikatika, uzi unafanya kazi gizani. Mswaki wa mti husafisha vizuri uso wa nje, lakini haufiki chini ya daraja, ambako ndiko uchafu unakojificha. Meno ya kuvua yasuguliwe kwa sabuni na maji ya kawaida. Maji ya moto huyapinda.

Ufizi unatoka damu lakini hauumi. Nipuuze?

Usipuuze. Kipandikizi hakiozi na hakina neva ya kukuonya, kwa hiyo mfupa unaweza kulika kimya hadi skrubu ianze kucheza. Damu, usaha au harufu ni dalili za mwanzo. Katika hatua ya kuvimba fizi peke yake, usafishaji hurudisha hali. Mfupa ukishalika, tiba ni ngumu na matokeo hayana uhakika. Hii ndiyo sababu ya ukaguzi wa kila miezi 6 uliotajwa kwenye swali la Arua.

Naweza kupiga picha ya MRI? Na uwanja wa ndege Entebbe?

Ndiyo kwa yote mawili. Titani haivutwi na sumaku; huweza tu kutia ukungu kwenye picha karibu na taya, kwa hiyo mwambie mpiga picha. Meno ya kuvua yavue kwanza.

## Hali zisizo za kawaida

Je, kuna kitu cha nguruwe ndani yake?

Katika skrubu, hapana. Katika kuongeza mfupa, huenda kikawepo: utando wa kolajeni unaofunika eneo mara nyingi hutokana na nguruwe, na chembechembe za mfupa mara nyingi hutokana na ng'ombe. Zipo mbadala: mfupa wako mwenyewe, za kutengenezwa maabara, na utando wa ng'ombe. Sema mapema, kwa sababu vifaa huagizwa. Siku ya upasuaji hakuna muda wa kubadilisha.

Nimeambiwa sina mfupa kabisa juu. Ndiyo mwisho?

Kuna vipandikizi virefu vinavyonasa kwenye mfupa wa shavu, vyenye urefu wa milimita 30 na zaidi. Ni kazi ya mpasuaji wa kinywa na taya mwenye uzoefu nayo hasa, na makosa yake ni makubwa kwa kuwa vinapita karibu na jicho. Kabla ya kufika huko, jaribu kwanza meno ya juu ya kawaida yaliyotengenezwa vizuri, wengi huridhika.

Nilipoteza meno ya mbele kwenye ajali ya boda boda. Nifanye kinywa kizima?

Hapana, jaza pengo tu. Taya lililovunjika lipone kwanza, na meno yaliyobaki yafuatiliwe kwa miezi, kwa kuwa lililogongwa huweza kufa polepole. Vivyo hivyo kwa vijana wenye mapengo kwa sababu walichimbwa fizi utotoni wakiambiwa wana ebinyo, yale yanayoitwa meno mabaya ya mtoto mchanga: hilo ni pengo la meno machache, na hutibiwa kama meno machache.

Daraja limelegea na niko Moroto. Nifanye nini leo?

Acha kulitumia kutafuna, kula vya kunywa na vya kupondeka. Usijaribu kulikaza kwa bisibisi ya saa wala kulibandika kwa gundi ya dukani. Gundi huziba tundu la skrubu na kumlazimu daktari kukata daraja. Skrubu ikitoka nje, ifunge kwenye karatasi safi uje nayo. Mtumie daktari wako picha ya kinywa na ya kadi ya stika kwa simu. Mara nyingi iliyolegea ni skrubu ndogo inayoshika daraja, si kipandikizi chenyewe, na hukazwa kwa ziara moja, lakini ikiachwa wiki kadhaa huvunjika ndani na kazi ikawa kubwa. Ukiona damu, uvimbe au homa pamoja na kulegea, usisubiri basi la kesho kutwa. Nenda hospitali iliyo karibu uanze kutibiwa maambukizi, kisha safiri.